Kisima cha Barua: Mama mkwe wa asasi

Mwezi uliopita, nikijibu swali la matangi ya maji ya mvua, nilichomekea sentensi moja kuhusu China: kwamba asasi za wananchi huko ziliwahi kuwashtaki wavunja mawe kwa ajili ya mlima, zikashinda. Sentensi moja tu. Mhariri ameniletea bahasha nzima. Wengine wanashangaa, wengine hawaamini, mmoja amenifokea kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho. Kwa wasionijua: nilifunga mabomba na kupima maji miaka kumi na mitano kabla ya kupata ufadhili wa kwenda kusoma Nanjing mwaka 2002, nikarudi Julai 2007. Jina la Bibi Bomba nilipewa kazini. Sikujipa.

*Shikamoo Bibi Bomba. Sisi ni vijana kumi na wanne wa Morogoro, tuna kikundi cha kutunza kingo za mto Ngerengere. Tulikwenda kulalamika kuhusu maji ya rangi yanayoingia mtoni, afisa mmoja akatucheka: "Nendeni China mkaone. Kule hakuna vikundi vya kelele, ndiyo maana wameendelea." Tulikosa la kujibu. Ni kweli?*
*Katibu wa kikundi, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na wasalimie hao kumi na watatu. Si kweli. Vikundi vipo, tena baadhi vina umri kukushinda wewe. Mwaka 1991, huko Panjin kaskazini-mashariki, watu waliandikisha chama cha kumlinda ndege mmoja tu wa pwani, shakwe wa Saunders. Kinachojulikana zaidi kilizaliwa Beijing mwaka 1994, Ziran zhi You, yaani Marafiki wa Maumbile. Mwanzilishi wake, Liang Congjie, hakuwa mtu wa mabango. Alikuwa mwanahistoria, mjukuu wa Liang Qichao yule mwanamageuzi wa siku za mwisho za wafalme, na mtoto wa msanifu majengo aliyelilia kuta za kale za Beijing zisibomolewe, zikabomolewa.

Sasa sikiliza jinsi kikundi hicho kilivyopata cheti, maana hapo ndipo penye utamu. Kwa taratibu za kule, hamuwezi kwenda tu kujiandikisha. Lazima kwanza ipatikane ofisi ya serikali, au taasisi iliyo chini yake, ikubali kuwasimamia, ndipo idara ya mambo ya raia igonge muhuri. Ofisi hiyo Wachina wenyewe wameipa jina la popo, mama mkwe. Nilipolisikia mara ya kwanza nilipaliwa na chai. Kwa mwanamke wa Tanga halihitaji maelezo: ni yule mwenye haki ya kukuuliza saa yoyote unakwenda wapi, umepika nini, nani alikuja jana, na siku akikuchoka ndoa imekwisha. Kina Liang walibisha hodi kwa watu wa mazingira, wakakataliwa. Wakapata hifadhi kwenye Chuo cha Utamaduni wa China. Basi kwenye karatasi wakawa "Chuo cha Utamaduni wa Kijani", watetezi wa misitu na wanyama wameandikishwa kama watu wa utamaduni.

Kanuni za mwaka 1998 zikabana zaidi: wanachama wasiopungua 50, mtaji wa yuan 30,000 (yuan ndiyo fedha ya China) kwa chama cha mkoani, na kama eneo lenu tayari lina chama cha aina hiyo, mnaweza kuambiwa kinatosha. Matokeo yake wengi hawakujiandikisha kabisa, wengine wakajiandikisha kama kampuni wakawa wanalipa kodi kama wenye maduka, na wengine wakajificha kwenye klabu za wanafunzi vyuoni.

Mimi niliingia kwa mlango huo wa mwisho. Nanjing ni mji ambao Wachina wanauhesabu miongoni mwa matanuri ya nchi, Julai unalala sakafuni. Mwaka 2004 asasi kadhaa za Beijing zilikuwa zimeanzisha kampeni ya nyuzijoto 26: majengo yasipozwe chini ya hapo wakati wa kiangazi, umeme wa makaa ya mawe unateketea bure. Klabu ya chuoni kwetu ikaichukua. Nikapewa kipimajoto, daftari, na binti wa mwaka wa pili wa kunisindikiza, tukaenda duka kubwa la nguo. Ndani nyuzijoto 20. Wauzaji wamevaa sweta, mwezi wa saba! Binti akaandika, akamwonyesha msimamizi wa duka namba, akamshukuru kwa mikono miwili, tukatoka. Nikamuuliza, "Ndiyo basi? Hatumwambii kitu?" Akanijibu kwamba ameshamwambia. Tulizunguka hivyo wiki tatu. Juni 2007, wiki chache kabla sijafunga mizigo, Baraza la Serikali, yaani baraza la mawaziri la kule, likatoa agizo kwa majengo ya umma nchi nzima: si chini ya nyuzijoto 26. Sidai ni daftari langu. Lakini namba ilikuwa ile ile.

Kuna swali afisa wenu hakujiuliza. Kwa nini serikali ya namna ile iliwaacha hawa watu waishi? Jibu nililolipata kwa miaka mitano ni la kawaida sana. Siku hizo meya wa mji alipandishwa cheo kwa kukua kwa uchumi, na kiwanda ndicho kilichokuwa kodi yake. Idara ya mazingira ya mji ilipokea mshahara kwa meya huyo huyo. Kwa hiyo wakubwa wa mazingira waliokaa Beijing walikuwa na sheria nzuri na macho mafupi, hawaoni chini ya mto kuna nini. Anayeona ni mtu wa kijijini. Wakubwa wale wakawahitaji wenye kelele, ilimradi kelele iwe na adabu na iwe na ushahidi.

Mto Nu, ule unaoshuka kutoka Tibet kupitia Yunnan hadi Myanmar, uliokolewa hivyo. Mwaka 2003 ulitoka mpango wa kuujengea mabwawa 13 ya umeme. Wang Yongchen, mwandishi wa redio wa Beijing aliyekuwa na kikundi chake cha kujitolea, akaanza kuwapeleka waandishi wenzake mtoni. Na Yu Xiaogang, mtafiti wa Yunnan, akafanya jambo ambalo mpaka leo nalihusudu. Hakuwaandalia wanakijiji wa Nu semina. Aliwachukua akawapeleka Manwan, bwawa lililotangulia kwenye mto Lancang, ambao chini huko unaitwa Mekong, wakaonane na wakulima waliohamishwa miaka ya nyuma kwa ahadi za neema. Wakawakuta wakichokoa jalala kutafuta vya kuuza. Baada ya hapo nani angewaambia nini? Februari 2004 Waziri Mkuu Wen Jiabao aliagiza mpango usimame uchunguzwe upya. Mabwawa yale 13 hayajajengwa.

Basi mkirudi kwa afisa wenu msiende na wimbo. Mto wenu uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na ofisi ipo hapo hapo Morogoro. Mwenye kumwaga majitaka mtoni anatakiwa awe na kibali. Andikeni barua, mtaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, muombe kuona kibali hicho na vipimo vyake. Barua iwe na tarehe, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Msisahau muhuri.

*Dada Bomba, mimi nauza chakula Buguruni, gazeti lako nasoma wateja wakishaondoka. Mwanangu anasema China ukiandamana unapotea. Wewe unasema wanatetea. Sasa wanatetea kimya kimya au vipi?*
*Mama lishe, Dar es Salaam*

Dada, mwanao hajakosea sana. Ila wana namna. Wanaita kutembea.

Mji wa Xiamen, pwani ya kusini, ulikuwa ujengewe kiwanda kikubwa cha paraksailini, kemikali ya kutengenezea nguo za polista na chupa za plastiki, karibu na makazi ya watu. Machi 2007 profesa wa kemia, Zhao Yufen, aliyekuwa mjumbe wa baraza la ushauri la taifa, akawakusanyia wenzake saini, zikawa 105, kuomba kiwanda kihamishwe. Magazeti ya mji yakanyamaza. Simu hazikunyamaza. Ujumbe mfupi ukazunguka mkononi hadi mkononi ukilinganisha kiwanda hicho na bomu la atomiki, ukiwaita watu siku ya Juni 1. Chumvi ilizidi, nakubali. Siku ilipofika maelfu wakatoka na tepe za njano, na walipoulizwa wanafanya nini wakajibu wanatembea tu, wanapunga upepo. Maana kuandamana kunahitaji kibali ambacho hakitoki, ila sheria ya kumkataza mtu kutembea na mkewe kando ya bahari haijatungwa. Desemba mji ukaitisha vikao vya kusikiliza wananchi, na hatimaye mradi ukahamishwa.

Ulihamishiwa wapi? Gulei, mji jirani wa Zhangzhou, rasi ya wavuvi. Mwaka 2013 ukalipuka, 2015 ukalipuka tena. Watu wa Xiamen walishinda, sikatai, lakini ushindi ule siku zote naukumbuka nikiwa nimekunja uso.

Na wapo waliolipa. Hili nililiona kwa macho, kwa hiyo nivumilie nirefushe. Wiki ile ile Xiamen wanatembea, rafiki yangu wa Wuxi alinipigia simu akaniuliza mimi mtu wa maji nimwambie kuna nini. Nikapanda treni asubuhi. Jikoni kwake akafungua bomba na wote wawili tukarudi nyuma. Ile harufu ni ya dagaa waliosahaulika kwenye mfuko wa plastiki juani, siku tatu. Mtoto wake alikuwa ananawishwa uso kwa maji ya chupa. Galoni la lita 18 lililokuwa likiuzwa yuan 8 lilifika 50. Watu milioni mbili, dada, mji tajiri, maghorofa, na hakuna anayeweza kuchemsha chai.

Jioni tukashuka ziwani. Ziwa Tai ni miongoni mwa maziwa makubwa matatu ya maji baridi ya China, na siku ile lilikuwa limetandikwa zulia. Mwani wa kijani, mzito kama rangi ya mafuta kabla hujaichanganya. Nilichovya mkono, ukatoka umevaa glavu. Mbolea za mashambani, majitaka ya miji na maji ya viwanda vya kemikali, vyote vilikuwa vinamlisha mwani huyo miaka na miaka, na joto la mwezi wa tano likamalizia.

Sasa, kando ya ziwa hilo hilo, upande wa Yixing, alikuwepo mtu aitwaye Wu Lihong. Zaidi ya miaka kumi alikuwa akizunguka anajaza maji machafu kwenye chupa, anapiga picha, anaandika barua kwa wakubwa. Mwaka 2005 alipewa sifa ya kitaifa ya askari wa mazingira. Aprili 2007 alikamatwa. Mwezi uliofuata ziwa likageuka kijani nchi nzima ikaona, kila chupa aliyowahi kujaza ikawa imesema kweli. Agosti akahukumiwa miaka 3 jela kwa ulaghai na vitisho, mashtaka aliyoyakana. Rafiki yangu alinisomea habari hiyo kwa simu nikiwa tayari nimerudi Tanga, nikiwa naosha vyombo. Nikafunga bomba.

Mwambie mwanao kwamba kule mtu anaweza kupewa cheti na pingu kwa kazi moja. Ukomo uko wapi haujaandikwa popote, na ndiyo maana wengi wanachagua vipimajoto.

*Mheshimiwa Bibi, mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu. Hiyo kesi ya mlima naomba maelezo. Asasi inawezaje kuwa na haki ya kushtaki wakati haikuumizwa yenyewe? Na ushahidi inautoa wapi?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Swali la pili nalijibu kwanza, kwa sababu bila hilo la kwanza ni mapambo.

Mwandishi wa habari Ma Jun, aliyeandika kitabu juu ya shida ya maji ya China mwaka 1999, alianzisha taasisi yake Beijing mwaka 2006, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ramani. Ukibonyeza mkoa, mji, mto, unaona kiwanda gani kimevunja kiwango na lini. Siri yake ni kwamba hakupima maji hata tone. Alikusanya matangazo ya serikali yenyewe, yale yanayotolewa na idara za mikoa na miji kisha yakatupwa kwenye kona ambayo hakuna asomaye, akayaweka mahali pamoja. Nani atamshtaki kwa uchochezi wakati kila mstari una muhuri wa serikali? Mei 2008 zikaanza kutumika kanuni za uwazi wa taarifa za serikali, ramani ikanenepa. Kampuni za nje zinazonunua bidhaa China zikaanza kuifungua kuwatazama wauzaji wao, na hapo wenye viwanda waliokuwa hawapokei simu za Ma Jun wakawa wanampigia wao. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya Goldman, ya kimataifa kwa watetezi wa mazingira. Mbinu yake inanivutia kuliko ujasiri wa mtu yeyote niliyemtaja leo, na najua wasomaji wengine watanipinga.

Sasa haki ya kushtaki. Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya China ilifanyiwa marekebisho mwaka 2014, ikaanza kutumika Januari 1, 2015. Kifungu cha 58 kinasema asasi iliyoandikishwa kuanzia ngazi ya mji wenye wilaya, iliyofanya kazi ya mazingira miaka 5 mfululizo bila kuvunja sheria, inaweza kufungua kesi kwa maslahi ya umma. Haidai fidia yake, inaudai mlima. Siku ile ile ya Januari 1 mahakama ya Nanping, mkoani Fujian, ilipokea kesi ya Marafiki wa Maumbile pamoja na asasi ya hapo Fujian iitwayo Green Home. Watu wanne walikuwa wamechimba mawe na kumwaga kifusi juu ya msitu, mu 28 na ushee zimeharibika, karibu ekari tano zetu. Oktoba hukumu ikatoka: warudishe miti, wakishindwa walipe yuan milioni 1.1 za kuirudishia, na juu yake milioni 1.27 kwa huduma ambazo msitu ungetoa katika miaka hiyo yote kama ungeachwa. Kipengele hicho cha pili kisome mara mbili, mwanasheria wangu. Kivuli na maji yaliyokosekana yamepigiwa hesabu.

Usidhani ni mteremko. Mahakama ya juu kabisa ya China ilikadiria asasi kama 700 zinazotimiza masharti, na zilizothubutu kwenda mahakamani ni chache. Kesi ni ghali, vipimo ni ghali zaidi, na mama mkwe anaangalia. Mjini Changzhou, shule ilihamishiwa karibu na uwanja wa viwanda vya kemikali vilivyofungwa, wanafunzi wakaanza kutoka vipele na damu puani. Asasi mbili zikazishtaki kampuni zilizoacha sumu ardhini. Januari 2017 zikashindwa, zikatakiwa zilipe gharama za mahakama yuan milioni 1.89. Kwa asasi ya kuchangishana, hiyo ni kufunga mlango na kugawana viti. Wakakata rufaa, na Desemba 2018 mahakama ya juu ya mkoa ikageuza: kampuni zimechafua, ziombe radhi hadharani. Gharama ikashushwa hadi yuan 100.

Kama unatafuta mada ya tasnifu, tazama kesi ya tausi wa kijani wa Yunnan. Kawaida kesi hufunguliwa maji yakishamwagika. Hii ilifunguliwa kabla. Bwawa la umeme kwenye mto Jiasa lingefunika mabonde ambayo tausi hao hukaa, na China nzima walikuwa wamebaki wanaokadiriwa chini ya 500. Marafiki wa Maumbile wakasema tathmini ya athari kwa mazingira iliyofanywa haikuwa ya kweli. Machi 2020 mahakama ya Kunming ikaamuru ujenzi usimame mpaka tathmini mpya ifanyike na wizara iamue, na Desemba mwaka huo rufaa ikaliacha agizo lilivyo. Wapo waliolalamika kwamba mahakama haikuufuta mradi moja kwa moja. Mimi nikiwa mtu wa mabomba najua mradi uliosimama wakati riba ya mkopo inatembea haufi kwa kelele, unakauka.

*Assalaam aleikum Bi. Mimi ni mvuvi wa zamani wa Lamu. Tulipokuwa tunahangaika na kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi tulikuwa tunaambiwa pesa zatoka China. Hao watetezi wako wa Beijing walikuwa wapi siku hizo?*
*Mzee wa Lamu*

Waaleikum salaam, mzee wangu. Walikuwa kwao. Asasi nyingi za China zinatazama mto wa kwao, kwa sababu ndiyo ruhusa waliyopewa. Wachache sana, kama ile taasisi ya Global Environmental Institute, ndio wanaofuatilia mikopo na miradi ya nje, nao huandika ripoti, hawaendi kusimama mahakamani Nairobi. Nyinyi ndio mlisimama. Megawati 1,050 zilizuiwa Juni 2019 na baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilipofuta leseni, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Miaka miwili baadaye, Septemba 2021, Rais Xi Jinping aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa ya mawe nchi za nje. Sifa ya Kwasasi siwapi Wachina hata kidogo.

Lakini nikupe moja waliyotufaa. Mwaka 1998 Liang Congjie alimkabidhi Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, barua mkononi, alipokuja Beijing, akimwomba Uingereza izuie biashara ya shali za manyoya ya paa wa Tibet, maana bunduki ziko uwanda wa juu wa Tibet lakini mnunuzi yuko London. Sisi wa Afrika Mashariki tukawa na hoja hiyo hiyo juu ya pembe za ndovu, tukiielekeza Beijing. Mcheza kikapu Yao Ming alikuja Kenya mwaka 2012 akasimama mbele ya mizoga ya tembo, picha zikaenda kwao, na mwisho wa 2017 China ikafunga soko lake la ndani la pembe za ndovu. Hapo kelele za Wachina kwa Wachina zilisaidia tembo wa Selous.

*WEWE NA HAO WACHINA WAKO WA MAZINGIRA WOTE MNALIPWA NA WAZUNGU. SEMA UKWELI.*
*Bila jina*

Ukweli ni huu. Neno hilo hilo lilisemwa China, tena na wenye mamlaka ya kulifanyia kazi. Miaka ya mwanzo fedha nyingi za asasi kweli zilitoka kwa wafadhili wa nje, na atakayekataa anadanganya. Januari 1, 2017 ikaanza kutumika sheria ya asasi za kigeni, ikaziweka chini ya wizara ya polisi: ofisi, mama mkwe, mpango wa mwaka, kila kitu kipelekwe huko. Wafadhili wengi wakafunga mikoba.

Zikafa? Baadhi. Zilizobaki ziligeukia nyumbani. Mwaka 2004 wafanyabiashara karibu mia moja walikutana Alashan, kwenye jangwa la Mongolia ya Ndani, dhoruba za mchanga zinazofika mpaka Beijing zilikuwa zimewachosha, wakaanzisha chama kiitwacho SEE ambacho kila mwanachama analipa yuan 100,000 kwa mwaka. Fedha hizo leo zinalisha vikundi vidogo vingi. Na tangu 2015, kila Septemba, watu wanachanga yuan kumi kumi kwa simu kwenye siku ya kuchangia iliyoanzishwa na kampuni ya mtandao ya Tencent. Ina matatizo yake pia: mfanyabiashara anapenda sana kupanda miti na kupigwa picha nayo, hapendi sana kuulizwa kiwanda cha rafiki yake kinamwaga nini. Yule mama mkwe wa serikali ameongezewa mwenzake mwenye hundi.

Mimi nalipwa na gazeti hili, kwa safu, na ya mwezi wa tatu haijaingia. Mhariri anasoma hapa.